Zamu wa Ndani

Kaka yangu Cirhuza alikuwa zamu kule Nguba,
miaka sita na tochi na filimbi
kwenye lango la bosi ambaye hakulijua jina lake.
Usiku mmoja wa mwezi wa tatu akarudi saa nane,
akaketi kitandani na viatu,
na viatu vile havikuvuka tena kizingiti.

Majirani wa Kadutu walisema yale yanayosemwa.
Mama akauza vitenge viwili.
Mimi nauza dawa, sijui kuagua;
nilimpeleka kwa daktari, tukarudi na karatasi:
fluoksetini, miligramu ishirini, kila asubuhi.

Umeme ulipokatika nikasoma fotokopi kwa mshumaa,
nikitaka kujua kidonge kinamwambia mtu nini.
Kumbe hakimwambii kitu.
Kinasimama kati ya seli na seli, katika ufa
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
mahali serotonini humwagwa kama maji ya kopo
na pampu ndogo huyanyonya kuyarudisha yalikotoka.
Kidonge kinaziba mdomo wa pampu. Basi.
Maji yanakawia.

Ng'ambo ya ufa kuna vipokezi, na kila kimoja
kina namna yake ya kuitika hodi.
Kimoja kikisikia humtuma mtoto jikoni: punguza moto.
Kingine, kwa hodi ileile, sauti ileile,
humtuma mtoto: amsha wote, fungua ghala la kalsiamu.
Na kile cha tumboni hakimtumi mtu.
Chenyewe ni mlango; kinapasuka kati, chumvi inaingia mbio,
moyo unachafuka.
Ndiyo maana wiki ya kwanza Cirhuza alitapika uji.

Kuna dawa inayobisha na kuingia.
Kuna inayobisha nusu.
Kuna moja ninayowapa wagonjwa wa saratani:
hukaa kizingitini kimya, mgongo mlangoni,
asipite mwingine,
na kule kukaa tu ndiyo kazi yake.

Siku ya tisa: "Dada, siko nasikia kitu."
Siku ya kumi na mbili: "Ile dawa yako ni ya bure."

Nikarudi kwenye fotokopi, ukurasa uliolowa chai.
Unasema hivi, kwa maneno yangu:
seli inayomwaga serotonini ina zamu wake yenyewe.
Hakai ng'ambo, anakaa mwilini mwake.
Akiona maji yamezidi anapuliza filimbi,
inatosha, funga,
na seli inatii.
Kidonge kinaongeza, zamu anazuia.
Wiki moja. Mbili. Filimbi usiku na mchana
mpaka zamu mwenyewe anachoka,
utando unamkunja, unamrudisha ndani,
anaketi mahali fulani, labda na viatu.
Hapo ndipo maji hupata njia.

Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Ndani ya kichwa cha zamu kulikuwa na zamu
asiyepata mtu wa kumpokea kazi.

Siku ya ishirini na sita tulikula maharage.
Mvua ilikuwa imeteremsha udongo wa mlima hadi barabarani,
mama alikuwa anahesabu faranga, akikosea, akianza tena.
Cirhuza akaweka kijiko chini.
"Haya maharage," akasema, "hayana chumvi."

Hakuna aliyejibu.
Mama aliinuka kuitafuta chumvi
akakawia jikoni kuliko chumvi inavyotaka.

Nayajua majina ya vipokezi, herufi zao, namba zao.
Sijui ni kipi kilichoonja.
Boksi limebaki na vidonge vinne
na mwenye farmasi hakopeshi;
nitakatwa mshahara, sawa.
Kesho asubuhi: uji kwanza, halafu kidonge,
halafu kungoja, kazi ambayo yeye aliijua
kabla yangu, langoni, na tochi mkononi.